Kabaila wa Uingereza alipataje ardhi na cheo? Tumtazame William Marshal

Somo la ukabaila shuleni huwa linatuachia picha ya mtu mmoja tu: bwana mwenye shamba kubwa, na watwana wanaomlimia. Picha hiyo si ya uongo, ila inamtazama kabaila kwa chini. Ukimtazama kwa juu utaona kwamba naye alikuwa na bwana wake.

Katika Uingereza ya karne ya 12, ardhi yote kisheria ilitoka kwa mfalme. Kabaila aliishika kwa masharti: ampiganie mfalme, amshauri, asimsaliti. Akiasi, ananyang'anywa. Akifa, mrithi hulipa ada ndipo akabidhiwe. Na akiacha mtoto mdogo au binti asiyeolewa, mfalme ndiye anakuwa mlezi, mwenye kuamua hata binti huyo aolewe na nani. Sharti hili la mwisho ndilo lililomtajirisha William Marshal, kijana asiye na ardhi aliyeishia kuwa kaimu mtawala wa Uingereza.

Alizaliwa mnamo 1147, mtoto wa nne wa kiume, kwa hiyo urithi hakuutarajia. Mwaka 1152, Mfalme Stephen alipoizingira ngome ya baba yake huko Newbury, mtoto alitolewa rehani kuthibitisha ahadi ya baba kwamba ataisalimisha ngome. Baba akavunja ahadi. Alipoambiwa mwanawe atanyongwa, inasemekana alijibu kwamba nyundo na fuawe za kufulia watoto wengine bado anazo. Stephen hakumuua.

Akapelekwa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, kwa jamaa wa mama yake, bwana wa Tancarville, kujifunza vita vya farasi, na baada ya miaka kadhaa akapewa rasmi daraja la mpiganaji wa farasi. Kijana asiye na ardhi alikula kwa mkuki wake. Kulikuwa na mashindano ya vita ambapo ukimkamata mpinzani, anajikomboa kwa fedha, na farasi wake unamchukua. Marshal alidai amekamata watu 500 maishani. Hesabu hiyo tunaipata katika utenzi wa Kifaransa wa mistari zaidi ya 19,000 ulioagizwa na familia yake baada ya kifo chake, na wenye kuagiza sifa hawapendi kupunjwa.

Lakini ushindi uwanjani haukumpa mtu jimbo. Jimbo lilitoka ikulu. Malkia Eleanor, mke wa Mfalme Henry II, alimkomboa alipotekwa mwaka 1168, kisha akawekwa kuwa mkufunzi wa kijeshi wa mwana wa mfalme, na baadaye akamtumikia Henry II mwenyewe. Mwaka 1189 Richard, mwana mwingine wa Henry, alimwasi baba yake huyo na kumfukuza hadi nje ya mji wa Le Mans. Marshal akamgeukia na kumuua farasi wa Richard chini yake. Wiki chache baadaye Henry alikufa, Richard akawa mfalme, na badala ya kulipiza kisasi akamwoza Isabel de Clare, binti aliyekuwa chini ya ulezi wa mfalme. Bwana harusi alikuwa na miaka kama 42, bibi harusi hajafika 20. Pamoja naye zikaja ardhi za mpakani mwa Wales na madai ya jimbo la Leinster, Ireland.

Hapo alikuwa tajiri, ila cheo bado. Uerli wa Pembroke, yaani cheo cha juu cha kikabaila, alipewa na Mfalme John mwaka 1199, siku ya kutawazwa kwake.

John alipokufa mwaka 1216, mwanawe Henry III alikuwa na miaka 9, nusu ya nchi imeasi, na mwana wa mfalme wa Ufaransa ameshika London. Makabaila waliobaki waaminifu wakamchagua Marshal awe kaimu mtawala. Alitoa upya Magna Carta, hati ya kuwekea mipaka mamlaka ya mfalme, kwa muhuri wake mwenyewe, maana mfalme mtoto hakuwa na muhuri. Mei 1217, akiwa na miaka kama 70, aliongoza jeshi Lincoln na kushinda. Alifariki Mei 1219, akazikwa katika kanisa la Temple, London.

Aliacha wana watano wa kiume na watano wa kike. Wale wa kiume walishika uerli mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeacha mtoto halali. Wa mwisho alikufa mwaka 1245, na kwa sheria ile ile ya urithi, ardhi ikagawanywa vipande vitano kwa upande wa mabinti.