Kupitisha intaneti ya Wi-Fi kwenye waya: kuziunga kadi mbili kwa daraja si suluhisho

Kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika, zile zinazojaa katika ofisi ndogo, shule na vibanda vya kuchapa, mara nyingi hazina kadi ya Wi-Fi. Mwenyewe huwa na laptopu iliyoshika hotspoti ya simu na waya mmoja wa mtandao, na anachotaka kinawezekana kabisa: laptopu ipokee intaneti kwa Wi-Fi, kisha iipitishe kwenye waya hadi kompyuta ya pili. Kinachoniudhi ni kwamba karibu kila ninayemkuta amekwama amekwisha kuambiwa na mtu, kwa uhakika usio na msingi, afungue orodha ya kadi za mtandao, achague kadi ya Wi-Fi na ya waya kwa pamoja, kisha abofye “Bridge Connections”. Hata mafundi hutoa ushauri huo bila kuujaribu, na ukigoma wanaulaumu waya.

Tuanze na waya ili tumalizane nao. Huna haja ya kusaka kebo ya krosi, yaani ile yenye nyaya za ndani zilizopishanishwa. Ilihitajika enzi za kadi za megabiti 10 na 100, ambapo jozi ya kutuma ya upande mmoja ilipaswa kukutana na jozi ya kupokea ya upande wa pili. Kadi za gigabiti, karibu zote, hujipanga zenyewe, na inatosha upande mmoja tu uwe na uwezo huo. Taa za matundu zikiwaka pande zote mbili, waya umefanya kazi yake, na anayeendelea kukuambia ununue mwingine anakumalizia fedha.

Sasa daraja lenyewe. Daraja huziunga kadi mbili katika ngazi ya fremu, yaani vifurushi vidogo vya data, kama ifanyavyo swichi, kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa waya: fremu iliyoingia upande wa waya hutolewa upande wa pili ikiwa na anwani ileile ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) ya kompyuta iliyoituma. Kati ya waya na waya hilo halina tatizo lolote. Kwenye Wi-Fi hali ni tofauti, kwa sababu kifaa hakiruhusiwi kuzungumza na ruta (kwako ni hotspoti ya simu) mpaka kijisajili kwanza kwa anwani yake ya MAC, na mtandao ukiwa na nywila, funguo za usimbaji nazo hufungwa kwenye usajili huohuo. Fremu ya kawaida inayotoka kwenye laptopu kwenda kwenye ruta ina nafasi tatu za anwani: ruta inayopokea, kifaa kinachotuma, na mahali fremu inakokwenda. Haina nafasi ya nne ya kusema kwamba aliyeirusha hewani ni laptopu lakini aliyeiandika ni kompyuta ya mezani iliyo nyuma yake. Laptopu ikiirusha fremu hiyo kwa anwani ya kompyuta ya mezani, ruta huona mtumaji ambaye hakujisajili na kuitupa. Wakati wa kurudi kikwazo ni kilekile, kwa kuwa ruta haiwezi kuelekeza fremu kwa kifaa ambacho kwenye orodha yake hakipo.

Muundo wenye anwani nne upo katika kiwango cha Wi-Fi na hutumika ruta moja inapoungana na nyingine kwa hewa, lakini pande zote mbili lazima ziukubali, na hotspoti ya simu yako haiko tayari kwa hilo. VirtualBox nayo, programu ya kuendesha kompyuta pepe ndani ya kompyuta halisi, inapoiunga kompyuta pepe hiyo na Wi-Fi, hulazimika kubadilisha anwani za MAC kwenye kila pakiti inayotoka na inayoingia. Watengenezaji wake wasingejisumbua hivyo kama daraja la kawaida lingetosha.

Haki inanilazimu niseme kwamba daraja la Windows wakati mwingine hukubali juu ya Wi-Fi. Windows ina hali ya upatanifu ambamo daraja huacha kunakili fremu jinsi zilivyo na badala yake hushughulikia anwani za IP (namba ambazo kompyuta hupewa mtandaoni), huku kila kitu kikitoka kwa MAC ya laptopu. Kwa hiyo anayekuapia kwamba kwake ilifanya kazi huenda anasema kweli. Ila mafanikio hayo hutegemea kadi na draiva yake, yaani programu inayoiendesha, nami siwezi kukuahidi kwamba kilichokubali kwenye laptopu moja kitakubali kwenye nyingine. Daraja likikataa, mara nyingi laptopu yenyewe hupoteza intaneti, na mtu aliyekuwa na kompyuta moja inayofanya kazi anabaki hana hata moja.

Njia sahihi ni kushirikisha, si kuunga. Laptopu inageuka ruta: upande wa waya inagawa anwani zake yenyewe za IP, na kila ombi linalopita inalitoa kwa jina lake. Ni sawa na jirani anayepokea barua zake kupitia sanduku lako la posta: posta inakujua wewe tu, nawe ndiye unayejua bahasha ipi ni ya nani. Ruta ya Wi-Fi inaona kifaa kimoja kilichosajiliwa, na pingamizi lote nililolieleza linatoweka.

Kwenye Windows, andika ncpa.cpl katika dirisha la kuendesha programu (Run), bofya kulia kadi ya Wi-Fi, ingia “Properties”, kisha “Sharing”, na uweke tiki. Narudia, kadi ya Wi-Fi: tiki huwekwa kwenye kadi yenye intaneti, si kwenye ile inayokwenda kuipokea. Kadi ya waya itajipa anwani 192.168.137.1. Linux yenye NetworkManager, programu yake ya kusimamia mtandao, hutumia 10.42.0.1 ukichagua kushirikisha kwenye mipangilio ya IPv4 ya waya, na Mac kwa kawaida hutumia 192.168.2.1.

Kisha nenda kwenye kompyuta ya mezani, fungua dirisha la amri na uandike ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 192.168.137, mambo yamekaa sawa. Ukiona inayoanza na 169.254, kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipachika yake. Rudi kwenye laptopu, kwa kuwa mara nyingi kosa liko huko. Ukiona kitu kingine kabisa, kwa mfano 10.1.4.27, huenda kuna mtu aliyeiandika kwa mkono katika ofisi ilikotoka kompyuta hiyo, na hakuna laptopu itakayoisaidia mpaka uirudishe kwenye kupokea anwani yenyewe. Angalia na DNS pia, yaani seva inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP. Kompyuta inayopata majibu ya ping (amri ya kupima kama kifaa kingine kinajibu) kutoka 8.8.8.8, seva ya Google, lakini haifungui tovuti hata moja mara nyingi bado inaiuliza seva ya ofisi ya zamani.

Mgongano wa anwani ni nadra, lakini ukitokea huchanganya kweli. Hotspoti ya Windows nayo hutumia 192.168.137.1. Laptopu yako ikiwa imepata intaneti kutoka kwenye hotspoti ya laptopu nyingine, halafu ukajaribu kuishirikisha kwa waya, safu ileile ya anwani itadaiwa pande zote mbili. Tumia hotspoti ya simu, ambayo kwa kawaida haitumii safu hiyo: iPhone hugawa zinazoanza na 172.20.10, na simu za Android za zamani 192.168.43.

Vitabu hufanya ushirikishaji huu uonekane kama kitu unachowasha na kukisahau, nami siamini hivyo. Kwenye Windows 10 na 11 huweza kuacha kufanya kazi baada ya kompyuta kuwashwa upya, tiki ikiwa bado ipo. Naiondoa, nahifadhi, naiweka tena. Microsoft imetoa tiba kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows), thamani iitwayo EnableRebootPersistConnection inayowekwa kuwa 1, pamoja na kuifanya huduma ya SharedAccess, inayoendesha ushirikishaji huu, ijiwashe yenyewe. Na kama shida yako ni printa ya waya ambayo watu wote wa Wi-Fi wanapaswa kuiona, kushirikisha hakutakufaa, kwa sababu printa itajificha nyuma ya laptopu. Hapo ivutie printa waya hadi kwenye ruta yenyewe, au nunua kifaa kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya kupokea Wi-Fi na kuitoa kwa waya.