Ujasiriamali wa wanawake manusura wa ukatili: maana yake

Ni biashara anayoianzisha mwanamke aliyepitia ukatili, huku shirika lisilo la faida likimshika mkono. Kwanza anapata ulinzi, matibabu na ushauri nasaha. Ujuzi, mtaji na soko hufuata akiwa tayari. Biashara ni yake, na faida ni yake.

Kwa nini biashara? Kwa sababu wanawake wengi humrudia anayewapiga kwa kukosa kodi ya chumba na ada ya watoto. Kunyang'anywa mshahara, kunyimwa hela ya matumizi, kukatazwa kufanya kazi: huo nao ni ukatili, unaitwa ukatili wa kiuchumi, na ndio unaofanya ule mwingine uendelee miaka na miaka.

Huko Samburu, Kenya, kuna kijiji cha Umoja. Kilianzishwa mwaka 1990 na kina mama wakiongozwa na Rebecca Lolosoli. Baadhi yao walieleza kuwa walibakwa na wanajeshi wa Uingereza, kisha waume zao wakawakataa. Walianza kwa kuuza mboga, haikulipa. Wakageukia shanga, wakawauzia watalii waendao hifadhi ya Samburu, baadaye wakafungua na kambi ya wageni. Kutokana na mapato hayo wamesomesha watoto. Huko shirika ni wao wenyewe, na kwangu huo ndio mfano bora kabisa.

Mashirika mengi huanzia kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, njia ambayo shirika la misaada la CARE liliianzisha Niger mwaka 1991. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti. Hela huhesabiwa mbele ya wote siku ya kikao. Mume akija juu usiku akitaka akiba, mke hana cha kumpa hata akitishwa: sanduku liko kwa mwingine na funguo ziko kwa wengine.

Lakini mtaji peke yake hautoshi, na pengine huleta ugomvi mpya nyumbani. Vijijini Limpopo, Afrika Kusini, mradi wa IMAGE uliunganisha mikopo midogo na mafunzo kuhusu jinsia, ukatili na VVU. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa katika miaka miwili ukatili wa wenza kwa washiriki ulipungua kwa 55%.

Ndiyo maana shirika makini, kabla ya kutoa hata shilingi, hukaa na mama faragha na kumuuliza: hela itaingia kwenye simu ya nani? Nani mwingine anajua namba ya siri? Genge utaliweka wapi, na yule aliyekuumiza hupita njia hiyo? Majibu yakitia shaka, mtaji husubiri na mpango wa usalama hupangwa upya.