Je, wajua kwa nini simu ya nje inapiga vizuri lakini intaneti inagoma?

Shemeji yangu aliletewa simu kutoka Muscat. Simu safi, haina hata mchubuko. Akaweka laini, mtandao ukasoma mpaka juu, akampigia mama yake Mbagala wakaongea dakika kumi. Akaunga bando. WhatsApp ikazunguka, ikazunguka, basi. Tukaipeleka Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa fundi mmoja mwenye kimeza cha ukubwa wa sinia. Hakushika hata bisibisi. Aliingia kwenye mipangilio, akaandika neno moja, akairudisha: "Tayari, dada. Elfu tano." Hapo hapo meseji za siku mbili zikaanza kumiminika.

Elfu tano kwa neno moja! Sikubishana, ila nilikuwa nimechungulia. Neno lenyewe lilikuwa internet, herufi ndogo tupu, kwenye kisanduku kilichoandikwa APN.

Kupiga simu na kutumia data ni safari mbili tofauti, hata kama mnara ni mmoja. Ukipiga, mtandao ukishaitambua laini yako, namba uliyobonyeza inatosha kukufikisha. Data inapita mlango wake, yaani mtambo wa kampuni unaoiunganisha simu yako na intaneti. Na kampuni moja inaweza kuwa na milango kadhaa: huu wa wateja wa kawaida, ule wa mashine za malipo za madukani, mwingine wa ofisi fulani iliyolipia njia yake binafsi. Kwa hiyo simu lazima itaje jina la mlango inaoutaka. APN ndilo jina hilo. Lisipotajwa sawasawa, mara nyingi unabaki nje na bando lako mkononi.

Mbona basi simu nyingi ukiweka laini tu zinafunguka? Kwa sababu zimeshaandikiwa majibu. Ndani ya laini kuna namba ambayo si ile unayowapa watu. Tarakimu zake tatu za mwanzo zinataja nchi: Tanzania ni 640, katikati ya Kenya yenye 639 na Uganda yenye 641. Mbili zinazofuata zinataja mtandao. Simu inazisoma hizo tano, inafungua orodha iliyokuja nayo kutoka kiwandani, inatafuta mstari unaolingana na kujijazia APN. Ndiyo maana Tigo ilipogeuka Yas mwaka 2024, watu hawakulazimika kuandika mipangilio upya kwa sababu ya jina: simu inatazama tarakimu, bango la barabarani haliihusu. Lakini simu iliyotengenezwa kwa ajili ya mtandao mmoja wa Marekani au Japani inaweza kuwa na orodha fupi, na 640 isiwemo kabisa. Wenye umri wangu mtakumbuka enzi za Nokia, mtandao ulikuwa unakutumia ujumbe wa mipangilio, unaingiza PIN 1234, unahifadhi. Kazi ilikuwa hii hii.

Kuandika mwenyewe si kazi kubwa. Kwenye Android ingia mipangilio, sehemu ya mitandao ya simu, kisha APN, ongeza mpya. Jina la juu weka lolote, hata la paka wako. Kinachosomwa na mtandao ni kile kisanduku cha APN, na neno la kuweka humo waulize huduma kwa wateja wa mtandao wako. Hifadhi, halafu rudi ukaichague. Wengi wanasahau hapo mwishoni. Na kama data inafanya kazi lakini ukiwasha hotspot mwenzako hapati kitu, angalia kisanduku cha aina ya APN. Kwenye baadhi ya simu inabidi kuongeza dun baada ya mkato, maana simu inatafuta mlango wa kugawa data na haujaandikwa.

Zile "APN za kasi" zinazozungushwa kwenye magrupu achana nazo. Jina la mlango haliongezi upana wa barabara. Mbaya zaidi, nyingine zinakuja na anwani ya proksi ya kujaza, na hapo unaweza kuwa unaipitisha data yako kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua.

Kuna jingine linalowashangaza watu: uko 4G, simu inaingia, ghafla alama inageuka H au E na video inaganda. 4G ilitengenezwa kubeba data peke yake. Haikuwekewa njia ya zamani ya sauti. Simu ikiingia, kifaa kinashushwa kwenye 3G au 2G ili muongee. Dawa yake inaitwa VoLTE, sauti inayosafiri kama data ndani ya 4G yenyewe: simu inaunganika haraka na sauti inakuwa safi zaidi. Ila mtandao wako uwe nayo, na aliyetengeneza simu awe ameuweka mtandao huo kwenye orodha yake. Bila hivyo, hata kitufe chenyewe kinaweza kisionekane.

Shemeji, baada ya kuonja ujuzi, akagundua kwamba ukibonyeza *#*#4636#*#* kwenye simu nyingi za Android inafunguka menyu iliyofichwa, na humo unaweza kuilazimisha simu ikae LTE tu, yaani 4G peke yake. Akailazimisha. Data ikatulia kweli, akatutambia wote sebuleni. Ila simu yake haina VoLTE kwa laini ile, na alikuwa ameifungia njia ya kushuka kupokea simu. Kesho yake jioni ikaingia sauti ya WhatsApp kutoka Mbagala: "Wewe mtoto, tangu asubuhi nakupigia hupatikani. Nimekukosea nini?"