Maji yakija usiku nani anambeba bibi? Maswali na majibu ya kujiandaa na mafuriko kijijini

Mi ni nesi, nafanya kazi vijijini bonde la Rufiji, na kila masika yakikaribia nawatembelea watu kwenye vitongoji tunakaa chini ya mwembe tunaongea. Juzi tulikaa karibu masaa matatu, maswali yakawa mengi mno nikaona niyaandike hapa, manake nina uhakika na wewe uliyeko Kilosa au Kyela au popote penye mto unayo haya haya kichwani.

Dada nesi, sisi mafuriko tumezaliwa nayo. Maji yanatuletea rutuba, tunalima mlao, yaani kupanda kwenye unyevu maji yakishashuka, kujiandaa nini tena?

Kweli kabisa, na simdharau mtu anayesema hivyo. Wazee wa Rufiji walijua kuishi na mto, ndo mana kuna dungu lililoinuliwa kwenye nguzo shambani, mtu analala juu analinda mpunga. Ila tangu ile operesheni ya miaka ya mwisho ya 60 iliyotoa watu bondeni, wengi tunaishi juu na kulima chini, alafu msimu wa kilimo ukifika familia nzima inahamia shambani na watoto, na huko hakuna zahanati wala barabara. Aprili 2024 mmeona wenyewe Rufiji na Kibiti, nyumba zimezungukwa na maji, mashamba yote yamezama. Mwezi huo huo Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, alisema bungeni mvua za El Nino zile zimeua watu 155 nchi nzima. Na maji ya mto angalau yanapanda taratibu, unayaona. Kule Hanang alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 tope la mlimani lilishuka Katesh watu wakiwa bado ndani, zaidi ya watu 80 wakafa. Kuzoea kunasaidia ukiwa macho na una nguvu za kukimbia. Mi nawawazia wale wasioweza kukimbia.

Haya, tuanzie wapi?

Daftari. Nasema daftari kabla ya pesa, kabla ya mtumbwi, kabla ya kusubiri msaada wa serikali.

Nunueni daftari moja la kawaida la shule, mwenyekiti wa kitongoji akae na mhudumu wa afya ngazi ya jamii na akina mama wawili watatu wanaojua nyumba zote, mpite nyumba kwa nyumba mkiuliza swali moja tu, hapa kuna nani ambaye hawezi kutoka mwenyewe usiku? Bibi asiyeona, baba aliyepooza upande mmoja, mama mwenye mimba ya miezi minane, mtoto mwenye ulemavu, mama aliyejifungua mapacha wiki iliyopita. Kila jina mbele yake muandike majina mawili ya watu wa kumbeba, tena watu wanaolala jirani sio kijana wa bodaboda ambaye usiku yuko senta. Kwa nini mawili? Kwa sababu mmoja atakuwa amesafiri, siku zote inakuwa hivo. Alafu muandike anabebwa na nini na anapelekwa wapi.

Na mjaribu. Kuna kitongoji tulijaribu kumbeba bibi mmoja mchana kweupe, jua linawaka, vijana wanne na kitanda cha kamba. Kitanda hakikupita mlangoni! Ikabidi tukilaze ubavu, bibi mwenyewe anacheka anasema mtaniangusha wajukuu zangu. Tukagundua kumbe blanketi zito lililofungwa kwenye mianzi miwili linapita vizuri, na kutoka kwake mpaka shule ya msingi iliyoko juu ni dakika 25, sio 10 kama tulivyodhani. Fikiria tungegundua hilo saa nane usiku mvua inanyesha.

Jambo moja naomba mnisikilize sana, usiandike ugonjwa wa mtu kwenye daftari. Andika "ana dawa za kila siku" basi. Daftari linapita mikono mingi na siri ya mtu ikivuja kijijini hairudi.

Hiyo kazi si ya kamati ya maafa?

Ndiyo ni yao. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati mpaka ngazi ya kijiji. Muulizeni mtendaji wenu kamati ni akina nani na lini walikaa mara ya mwisho, na kama haijawahi kukaa ombeni iwe ajenda mkutano mkuu wa kijiji ujao. Ila daftari halihitaji kusubiri barua.

Mke wangu anategemea kujifungua mwezi wa nne, katikati ya masika. Tufanyeje?

Kaka, ahame mapema. Wiki tatu nne kabla ya tarehe aende kwa ndugu aliye karibu na kituo cha afya, upande huo huo wa mto ambao kituo kipo. Kuvuka na uchungu kwenye mtumbwi ni kitu nimekiona na sitaki mtu mwingine akione. Namba ya m-mama ni 115, bure, unapiga wanaratibu usafiri wa mama mwenye dharura au kichanga, lakini gari halipiti juu ya maji kwahiyo namba isiwe sababu ya kubaki ng'ambo. Kadi ya kliniki, kanga safi, wembe mpya na nguo za mtoto vikae kwenye mfuko mmoja wa plastiki umefungwa, unaning'inia karibu na mlango.

Na sisi wenye dawa za kila siku?

Swali hili aliniuliza mama mmoja kwa sauti ya chini baada ya wengine kuondoka, na najua mko wengi. ARV, dawa za TB, presha, sukari, kifafa, zote hizi kukatisha ni hatari. Masika yakikaribia mwambie mtoa huduma wako kabisa kwamba unaishi bondeni na barabara inakatika, omba upewe za muda mrefu zaidi, kwa ARV aliye imara kwenye dawa anaweza kupewa za miezi mitatu au hata sita. Ziweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na kadi yako, na ukiondoka usiku kopo ndo la kwanza kushika kabla hata ya simu. Zikisombwa usione aibu, nenda kituo chochote cha karibu hata kama sio chako ueleze. Mwenye insulini, kama hamna friji, weka chupa kwenye kopo kavu lililofungwa alafu kopo ndani ya chungu chenye maji sehemu yenye kivuli, isipigwe na jua, na isigandishwe kwenye barafu.

Maji yamejaa kila mahali, ya kunywa tunapata wapi?

Hapo ndo penye shida kubwa kuliko kuzama, manake vyoo vyetu vya shimo vikijaa kila kitu kinaingia kisimani. Jazeni madumu KABLA. Piga hesabu ya kunywa tu lita 3 kwa mtu kwa siku, watu sita kwa siku tatu ni lita 54, yaani karibu madumu matatu ya lita 20. Yakiisha na mna maji ya tope tu, yaache yatulie, chuja kwa kitambaa safi cha pamba ulichokunja mara nne, alafu chemsha mpaka yatokote kabisa. Kuni zimelowa? Tumia vidonge vya klorini, soma pakiti kwa sababu kidonge cha lita 20 na cha lita 5 havifanani, subiri nusu saa ndo unywe. Kuchuja peke yake hakuui vijidudu, maji yanaweza kuwa meupe kama glasi na yakakulaza.

Mtu akianza kuharisha na njia imekatika?

Anza kumpa maji ya ORS, ile chumvi na sukari ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, dakika hiyo hiyo. Pakiti moja kwa lita moja ya maji salama. Mtoto chini ya miaka miwili robo mpaka nusu kikombe kila akiharisha, mkubwa kidogo nusu mpaka kikombe kizima, mtu mzima anywe kadri anavyoweza. Akitapika subiri dakika kumi uendelee kijiko kijiko. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, usimkatishe. Hamna pakiti? Lita moja ya maji salama, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai, usizidishe chumvi kabisa. Onja, isizidi chumvi ya machozi. Yakipita masaa 24 mwaga tengeneza mengine. Mtoto pia apewe zinki siku 10 mpaka 14 hata kama ameacha kuharisha siku ya pili.

Ila choo kikitoka kama maji ya kuoshea mchele, kingi, mfululizo, macho yamezama, hiyo chukulia ni kipindupindu. Kinaua ndani ya masaa. Huku unampa ORS huku mnatafuta njia ya kumfikisha kituoni, na pigeni 199, namba ya Wizara ya Afya, ni bure. Anayemhudumia anawe kwa sabuni kila mara.

Maji yakiwa ya magotini tu si naweza kuvuka?

Hapana ndugu yangu. Yakiwa yanakimbia, hata ya kwenye kifundo cha mguu kupanda kidogo yanamwangusha mtu mzima, na chini huoni shimo wala mamba, na kwetu huku kiboko naye anafuata majani yalipo. Bodaboda ndo kabisa usijaribu.

Nyoka nao wanakimbia maji, wanaingia kwenye paa na kwenye matandiko, kwahiyo kung'uta nguo kabla ya kuvaa. Mtu akiumwa mtulize, vua pete na bangili, kiungo kisitikisike, mbebeni mpaka hospitali. Usikate, usinyonye, usifunge kamba, usipoteze muda na jiwe la nyoka.

Maji yameshapungua, bado kuna hatari?

Ndo magonjwa yanapoanza. Wiki moja mbili baadae mbu wanakuwa wengi, chandarua ulichokibeba ulale ndani yake hata kama mko darasani ishirini. Alafu kuna homa ya mgunda, ile iliyotokea Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022 watu wakatishika, inatoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine ukichanganyika na maji na tope, inaingia kwenye mikwaruzo. Kusafisha nyumba vaa buti, hamna buti vaa hata viatu vya plastiki vilivyofunika na ufunike vidonda. Homa na misuli ya miguu inauma sana baada ya kukanyaga tope, nenda zahanati na uwaambie ulikanyaga maji ya mafuriko.

Taarifa tunazipataje, huku mtandao ukikata?

Redio ya betri. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatumia rangi, njano ni angalizo, machungwa tahadhari, nyekundu tahadhari kubwa. Ikisemwa machungwa kwa mkoa wako, wale wa kwenye daftari wahamishwe mchana huo huo. Na mkubaliane mlio wa kijiji, ile rimu ya gari inayogongwa shuleni au spika ya msikiti, mlio wa maafa usifanane na wa msiba.

Babu yetu hataki kuhama. Anasema atafia kwake.

Usibishane nae siku ya mvua, utashindwa na muda utaisha. Mfuate kiangazi, na mtu anayemheshimu, na uende kumuuliza sio kumwamrisha. Mzee mmoja aliyenikatalia mara mbili, mara ya tatu nilimuuliza babu, shikamoo, ile El Nino ya 98 maji yalifika wapi hapa? Akainuka na fimbo yake mpaka kwenye mnazi, akaweka kiganja juu kidogo ya kifua chake, akasema hapa. Mjukuu akaleta rangi nyekundu iliyobaki kwenye kopo tukapiga mstari pale pale. Akautazama, akatazama dirisha la nyumba yake ambalo liko chini ya mstari, akaniuliza, kwenye hilo daftari lako nimeandikiwa nani wa kunibeba?