Kitubio cha hadharani hakikuwa cha kuanikana

Kila Kwaresima hurudi ombi lile lile: wazinzi na waliokula fedha za jumuiya wasomwe majina kanisani, "kama walivyofanya watakatifu". Watakatifu hawakufanya hivyo.

Katika karne ya 4, Mtakatifu Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, aliandika kanuni za kitubio cha ngazi nne. Aliyeua kwa kukusudia alitumikia miaka 20: minne nje ya mlango, akiungama uovu wake mwenyewe na kuwasihi waamini wanaoingia wamwombee, mitano pamoja na wasikilizaji, waliotoka baada ya Masomo, saba akisali kwa kusujudu, minne akisimama na waamini bila kupokea Komunyo. Mzinzi alipewa miaka 15, yaani 4, 5, 4 na 2. Anayeonyesha majuto ya dhati aliweza kupunguziwa. Wanaopenda kunukuu hesabu hizo wasome na kanuni yake ya 34: mwanamke aliyezini akaungama asitangazwe, isije ikawa sababu ya kuuawa. Asimame tu na waamini bila Komunyo mpaka muda wake uishe. Katika ngazi ya kwanza, ya nje ya mlango, ambayo ingemfichua, hakuwekwa.

Fabiola naye hutajwa ovyo. Mwanamke huyu wa ukoo mkubwa wa Roma alimwacha mume mwovu, akaolewa na mwingine. Huyo wa pili alipofariki, Fabiola alivaa gunia kutubia ndoa hiyo, akajipanga na wenye kitubio katika Basilika la Laterani kabla ya Pasaka: nywele timtim, uso umepauka, shingo na mikono michafu. Askofu, mapadre na watu wote wakalia pamoja naye. Mtakatifu Yeronimu ameyaandika hayo katika barua yake ya 77. Nani alimsomea jina? Hakuna. Baadaye aliuza mali, akafungua hospitali na kuosha vidonda vya wagonjwa kwa mikono yake.

Kusoma dhambi hadharani kutoka kwenye karatasi kulizuka kweli huko Italia. Machi 459, Papa Leo Mkuu alikupiga marufuku: wapo watakaokimbia kitubio kwa aibu, au kwa hofu ya kushitakiwa na maadui zao. Kuungama kwa siri kwa padre kunatosha.

Leo padre anayevunja moja kwa moja siri ya maungamo hutengwa na Kanisa papo hapo (Kanuni 1386 §1 ya Sheria za Kanisa Katoliki), na kumwondolea adhabu hiyo ni kazi ya Kiti Kitakatifu, yaani Papa na ofisi zake za Roma. Mkalimani, na yeyote aliyesikia kwa bahati mbaya, naye huadhibiwa akiitoa siri hiyo. Mashauri ya mtu mmoja mmoja yapelekwe kwa paroko. Ofisi haiyajibu kwa simu wala WhatsApp.