Cron Haiamshi Seva Iliyolala

Wateja wanaoniomba niwakagulie seva ya nyumbani, ambayo mara nyingi ni kompyuta ya mezani iliyoondolewa ofisini na kupewa kazi ya kutunza picha na nakala rudufu za familia, hunieleza kwa kujiamini kwamba wameshaipangia iamke yenyewe saa nane usiku, kwa kuwa wameandika 02:00 kwenye cron, programu inayoanzisha kazi za kompyuta kwa ratiba. Asubuhi huikuta bado imelala na nakala hazipo, kisha lawama huangukia diski, mfumo endeshi wa Linux au mimi.

Hakuna dhana inayonichosha kama hiyo. Cron ni programu, na programu haiendi bila prosesa. Seva ikilala, prosesa imesimama, RAM, yaani kumbukumbu ya muda, inapewa umeme kidogo tu wa kuhifadhi kilichomo, na hakuna programu yoyote inayotazama saa. Kinachobaki macho ni saa ndogo ya ubao mama, ile yenye betri ya duara ya CR2032, ambayo ina kengele yake ya kuamsha mashine. Kengele hiyo hutegeshwa kabla seva haijalala, na kwa Linux amri yake, ikitolewa kwa mamlaka ya root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo, ni hii:

rtcwake -m mem -t $(date -d 'tomorrow 02:00' +%s)

Amri hiyo hutegesha kengele na kuilaza seva papo hapo. Anayetaka kuhakiki kwanza aweke -m no, ambayo hutegesha bila kulaza, kisha asome faili la /proc/driver/rtc. Mbele ya alarm_IRQ panapaswa kuwa na yes. Mbele ya alrm_time ataona 23:00:00 na kudhani amekosea, ilhali hajakosea: kwa kawaida Linux huiweka saa hiyo kwenye UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi wa Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Anayekosea ni yule anayeingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya ubao mama, na kuandika 02:00 kwa mkono, kwa maana seva yake itaamka saa kumi na moja alfajiri.

Wengine huamini kwamba kengele ikishategeshwa italia kila usiku. Ya rtcwake hulia mara moja tu. Ndiyo maana nasisitiza, hata kwa wasioniuliza, kwamba mstari wa mwisho wa hati ya nakala rudufu, yaani faili la amri zinazotengeneza nakala hizo (script), uwe rtcwake yenyewe, na cron iianzishe hati hiyo saa 02:10, mashine ikiwa imeshaamka na mtandao umetulia. Hati iandikwe isimame pale inapokumbana na kosa, ili seva ibaki macho, jambo ambalo ni afadhali kuliko kulala bila kengele. Wanaopenda systemd, programu ya Linux inayosimamia huduma na ratiba za mashine, wanaweza kuandika WakeSystem=true kwenye kipima muda chao; itaiamsha seva iliyolala, lakini haitairudisha usingizini kazi ikiisha.

Kuhusu kukatika kwa umeme, betri ya CR2032 hutunza saa tu, haina nguvu ya kuwasha mashine. Umeme ukikatika seva ikiwa imelala, vilivyokuwa kwenye RAM vimepotea na seva imezimika. Ukirudi, huenda isiwake mpaka BIOS iwe imeagizwa kuwasha mashine umeme unaporejea. Anayeizima kabisa badala ya kuilaza akague pia kipengele cha ErP, yaani cha kubana matumizi ya umeme, humo humo, kwani kikiwa kimewashwa kinaweza kukata umeme wa akiba ambao kengele inauhitaji.

Kuamsha kwa njia ya mtandao, yaani Wake-on-LAN, si ratiba: lazima kifaa kingine kiwe macho ili kitume ujumbe wa kuamsha.

Na wenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, wasihangaike na rtcwake kwenye matoleo yaliyotangulia la 5, kwa sababu ubao wake hauna saa ya namna hiyo. Toleo la 5, la mwaka 2023, linayo, ila betri yake hununuliwa kando.