Ankara mbili si njia mbili

Wiki hii nimeletewa tena mchoro uleule: kituo kikuu cha data Dar es Salaam, cha akiba Dodoma, laini mbili za faiba kutoka kampuni mbili, na pembeni pameandikwa "tuko salama". Nimechoka nao. Kampuni mbili zinakuhakikishia ankara mbili tu.

Kampuni hukodishana nyuzi, na hata zikichimba zenyewe, huchimba kando ya barabara ileile. Niliwahi kufunua shimo la nyaya nje ya Morogoro baada ya laini zote mbili za mteja kufa kwa mpigo: nyaya mbili, vibandiko vya rangi tofauti, zimefungwa pamoja kwa kamba moja ya plastiki. Hatua chache mbele, kijiko cha mkandarasi wa barabara kilikuwa kimezipitia zote. Mteja alilipia laini ya pili miaka mitatu.

Baharini ni vilevile. Mei 12, 2024, EASSy na Seacom, mikongo miwili ya intaneti ya chini ya bahari, ilikatika siku moja kaskazini ya Durban, Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikahangaika na intaneti kwa siku kadhaa.

Basi dai ramani ya njia kabla ya kusaini, mpaka tundu ambalo waya unaingilia jengoni. Laini moja ipite Chalinze na Morogoro. Nyingine itokee Bagamoyo, Msata, Segera, Arusha, ishuke Babati hadi Dodoma. Gharama yake ni muda. Mwanga ndani ya kioo cha faiba hutumia milisekunde 1 kwenda na kurudi kwa kila kilomita 100, hivyo njia fupi ya kilomita kama 450 haiwezi kushuka chini ya 4.5, na ya kaskazini inapita 10. Hifadhidata inayongoja Dodoma ithibitishe kila muamala itakokota, na kuongeza Mbps, yaani upana wa laini, hakutaisaidia. Nakili bila kungoja, na wakubwa waambiwe mapema kwamba miamala ya sekunde za mwisho inaweza kupotea.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba ramani nazo huzeeka. Laini huhamishwa wakati wa matengenezo na mteja haambiwi. Kwa hiyo napima muda wa kila laini usiku na mchana. Ile ya kaskazini ikishuka ghafla kutoka milisekunde 14 hadi 6, sishangilii. Imehamia Morogoro.